Boksi la flai 18 za besi: nimelitumia miezi mitano bwawani Mufindi, nyeusi ndio imenilisha

Kamwene wakuu. Mwezi wa kumi mwaka jana niliagiza boksi la flai 18 kutoka Nairobi, zile chambo za manyoya zinazofungwa kwa mkono juu ya ndoano, kwa ajili ya samaki anayeitwa besi (bass) wa kwenye bwawa la shamba moja la chai huku Mufindi ambako mwenye shamba ananiruhusu kuvua jumamosi. Kila moja ilinisimamia kama elfu 5, jumla elfu 90 ukiweka na hela ya kifurushi mpaka Mafinga stendi, kwa hiyo sio kitu cha kununua kwa kubahatisha, na ndio maana naandika kwa kirefu.

Ndani kulikuwa na Clouser Minnow nane (nne nyeupe, nne za ile njano-kijani kali kama reflekta ya bodaboda), Woolly Bugger sita (tatu nyeusi, tatu kijani cha zeituni) na popa nne za kuchezea juu ya maji, nyekundu na njano. Ukifungua boksi macho yanakimbilia kwenye zile zinazong'aa. Mi pia nilianza nazo, jumamosi mbili nzima, nikapata kasamaki kamoja ka kiganja.

Mvua za mwezi wa kumi na mbili ndio zilinifundisha. Maji yaligeuka rangi ya chai ya maziwa, udongo wote wa barabara za shambani umeshuka humo, ukizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko huvioni vidole. Nikafunga Woolly Bugger nyeusi namba 4 (saizi ya ndoano, namba ikipanda ndoano inakuwa ndogo) kwa sababu tu zile zingine zilishachoka, nikatupa pembeni ya matete, nikahesabu mpaka tano ishuke, nikavuta mshipi kidogo nikaacha, nikavuta nikaacha, na ile ya pili nilipoacha mshipi ukaondoka wenyewe upande wa kulia. Besi wa kilo na kitu. Kabla ya saa nne asubuhi nilikuwa na wengine watatu, wote kwa nyeusi, na wote wamekamata wakati flai inashuka, sio wakati navuta.

Sababu nadhani ni hii. Maji yakichafuka mwanga haufiki mbali, rangi kali zinafifia zote, lakini kitu cheusi bado kina umbo. Besi akiwa chini anaangalia juu anaona kivuli kinatembea, na ule mkia wa manyoya laini unapumua hata usipovuta. Manyoya hayo yanaitwa marabou kwa sababu zamani yalitoka kwa yule korongo mkubwa anayezunguka majalalani, siku hizi ni ya bata mzinga. Flai yenyewe aliibuni Mmarekani Russell Blessing wa Pennsylvania mwaka 1967, na yeye alikuwa anawafuata besi vilevile, wale wa mdomo mdogo wa mtoni.

Kijani cha zeituni ni ya maji yakitulia. Mwezi wa pili mvua zilipopumzika kidogo bwawa likasafika, nyeusi ikapoa, zeituni ikapanda. Inafanana na vidagaa na wadudu wa kwenye majani, na samaki kwenye maji meupe ana muda wa kukagua.

Sasa malalamiko yangu kwa muuzaji yapo hapa. Flai nane kati ya 18 ni nyeupe na njano-kijani, na kuna watafiti wa chuo kikuu cha Illinois huko Marekani waliwafundisha besi kuchagua rangi ili wapewe chakula, wakakuta samaki hawa wanaona nyekundu na kijani vizuri sana lakini njano-kijani na nyeupe wanazichanganya, na nyeusi na bluu hivyohivyo. Na mi nilichokiona bwawani hakitofautiani na hicho, siku ambayo nyeupe inakula basi njano-kijani nayo inakula, siku imekataa zote zimekataa. Yani nimelipia kitu kimoja mara mbili. Wangeweka nyeupe mbili tu, nafasi zilizobaki wajaze nyeusi za saizi tofauti, ningefurahi zaidi.

Clouser yenyewe kama umbo sina ubishi nayo. Bob Clouser aliitengeneza 1987 kwa ajili ya besi wa mto Susquehanna, na yale macho mazito ya chuma yanaigeuza ndoano inatembea ncha juu, kwa hiyo kwenye visiki vya miwati vilivyozama bwawani hainasi hovyo. Tatizo ni ufungaji wa hizi nilizoletewa. Tatu macho yalianza kuzunguka siku ya kwanza, mbili uzi wa kichwani ulifunguka kabisa baada ya samaki wawili. Nilizipiga picha nikamtumia muuzaji, akajibu siku ya pili kwa heshima na akanitumia nne mpya bila kunidai, hapo nampa haki yake. Lakini mkinunua popote, shika macho kwa vidole ujaribu kuyazungusha, yakicheza weka tone la supa glu chini ya uzi uache usiku kucha kabla hujavua nayo.

Popa zitumie jioni tu, bwawa likiwa kimya halina upepo. Rangi ya mgongoni ni kwa ajili yetu wanunuzi, samaki anaona tumbo, na kinachomwita ni ule mlio wa "blup" ukishtua mshipi. Hizi za kwangu hazina kile kiwaya cha kuzuia majani, na bwawa letu lina mayungiyungi mengi, nimepoteza mbili humo.

Kitu kimoja naomba sana, msichukue besi wazima kwenye ndoo mkawaachie kwenye mito yetu. Ni samaki wa Marekani, hata Naivasha waliletwa mwishoni mwa miaka ya 1920, na anakula kila kinachoingia mdomoni. Vijito vya huku vina visamaki vyake, na akishaingia huwezi kumtoa tena.

Boksi hilihili silinunui tena. Nitaagiza kwa mojamoja kwa muuzaji huyohuyo: Woolly Bugger nyeusi sita, namba 2 na namba 6, zeituni nne, Clouser nyeupe mbili, na popa mbili zenye kiwaya. Nataka ziwe zimefika kabla ya baridi ya mwezi wa sita, maana ukungu ukikaa besi wanashuka chini wanakuwa wazito, na hapo zile namba 6 za kuvuta polepole ndio za kutegemea.