Star Wars: uanze na ya 1977 au na ya 1999?

Ubishi huu hauishi Birere, mtaa wa Goma: anayeanza filamu hizi afuate miaka zilipotoka, au miaka ya hadithi yenyewe, maana ya 1999 inasimulia mambo yaliyotangulia ya 1977?

Kwa siri, ya 1977 inashinda waziwazi. Humo mzee Obi-Wan anamwambia Luke, kijana shujaa wa hadithi, kwamba adui Vader (Dark Vador wa tafsiri ya Kifaransa) ndiye aliyemuua baba yake Luke. Ukweli, kwamba Vader mwenyewe ndiye baba yake, unafichuka kwenye filamu ya 1980. Ukianza na ya 1999 unamjua baba huyo tangu akiwa mtoto mtumwa kule kwenye sayari ya Tatooine, na pigo lote linapotea. Ila ndivyo utakavyomwelewa Anakin, yaani Vader kabla hajawa mwovu, na kuanguka kwake kutakuuma kweli.

Kwenye migongano kati ya filamu, miaka ya hadithi inaumiza zaidi. Kwenye filamu ya 1983 Leia, dada pacha wa Luke, anasema anamkumbuka mama yake mzazi: mrembo, mpole, mwenye huzuni. Filamu ya 2005 inamwonyesha Padmé, mama huyo, akikata roho mara tu baada ya kujifungua! Aliyetoka kutazama kifo hicho hatamwamini Leia hata kidogo. Wanaosema alimkumbuka kwa uwezo wa Force, ile nguvu ya ajabu ya hadithi hii, wanaziba pengo ambalo filamu hizo hazikuliziba. Roboti C-3PO kuitwa Z-6PO kwa Kifaransa, hilo si kosa la hadithi. Ni tafsiri tu.

Filamu sita za 1977 hadi 2005 ni kama saa 13. Umeme wa kwenu ukikatika ovyo, tatu za zamani (1977 hadi 1983) zinajitosheleza. Za 1999 hadi 2005 zitakuacha njiani. Mtoto aliyekwisha kusikia siri ya Vader, mwanzishe na ya 1999.