Uzoefu wangu: Audio-Technica AT-LP60X kwa mwenye santuri za zamani

Kama una santuri nyumbani na huna pa kuzipigia, mashine hii nunua. Mimi naitumia hapa Mombasa kwa santuri ndogo alizoacha marehemu baba, pamoja na nyingine ninazochagua mwenyewe kwenye vibanda vya Kenyatta Market kila ninapofika Nairobi, na nimeridhika nayo.

Watu huniuliza najisumbulia nini ilhali nyimbo zote zimo kwenye simu. Zote hazimo, na zilizomo nyingi hazijakamilika. Upande mmoja wa santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika hubeba dakika nne au tano hivi, kwa hiyo nyimbo ndefu za rumba ziligawanywa mara mbili: maneno upande wa kwanza, kisha ugeuze upate magitaa na saksafoni. Kwenye mtandao mara nyingi nakuta sehemu ya kwanza peke yake. Wimbo unazimwa pale pale magitaa yanapoanza kupamba moto, na kijana anayeusikia hivyo atajua ndio mwisho wake. Kwangu mimi ule upande wa pili ndio wimbo wenyewe!

Halafu kuna suala la majina. Bendi ya Les Wanyika ilijitenga na bendi ya Simba Wanyika mwaka 1978, na baadaye mwimbaji Issa Juma naye akawa na Super Wanyika Stars. Kwenye simu nimekuta nyimbo za makundi haya zimechanganywa ovyo, huyu amepewa kazi ya yule. Karatasi ya katikati ya santuri haina mchanganyiko huo: jina la wimbo, mtunzi, bendi, kampuni na namba ya santuri, vyote vimeandikwa. Mtunzi akishapotea jina, hata wajukuu wake hawatajua kwamba wimbo unaopigwa harusini ni wa babu yao. Hilo linaniuma.

Tena ukilipia programu ya muziki, unalipia ruhusa ya kusikiliza tu. Mkataba wa kampuni na mwenye nyimbo ukiisha, nyimbo zinaondoka. Moja niliyokuwa nikiilipia kila mwezi iliondoa albamu nzima ya taarabu bila hata taarifa. Na mwaka 2019 mtandao wa kijamii wa MySpace walikiri kwamba muziki uliopandishwa kwao kwa miaka mingi ulipotea walipokuwa wakihamisha mitambo.

Sasa mashine yenyewe. Inakuja imefunguliwa vipande, lakini kuiunga si kazi ya fundi. Sahani ina mkanda wa mpira ulioshikishwa utepe. Unaiweka, unauvuta utepe kupitia tundu la sahani hadi mkanda ukae kwenye kigurudumu kidogo cha shaba, unautoa utepe, basi. Nyuma kuna swichi ya kuchagua kama itumie kikuza sauti chake cha ndani, na kwa sababu hiyo niliiunganisha moja kwa moja na spika za kawaida zenye umeme wake. Unachagua kasi, 33 au 45, na ukubwa wa santuri, unabonyeza, mkono unanyanyuka wenyewe, unashuka na kurudi wimbo ukiisha. Mama, ambaye mikono yake inatetemeka, anapiga santuri zake bila kumwita mtu. Kwa hilo peke yake ningeinunua tena.

Jueni mipaka yake. Uzito ambao sindano inakandamiza santuri umepangwa kiwandani na haubadiliki, kwa hiyo anayependa kurekebisha kila kitu atafute mashine nyingine. Sindano ikichakaa inachomolewa na kuwekwa mpya, na msingoje hadi sauti ianze kukwaruza, maana sindano butu inakula santuri.

Kasi ya 78 haina. Zile santuri nzito za zamani za shelaki (utomvu mgumu, si plastiki), kama alizorekodi mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad kule Bombay kuanzia 1928, haitazipiga. Mifereji yake ni mipana zaidi na inataka sindano yake. Kampuni hiyo hiyo ina AT-LP120X yenye kasi zote tatu, lakini bado utahitaji kununua sindano ya 78 pembeni.

Kwa sisi wa pwani, adui mkubwa ni unyevu. Ukungu ukishaingia, sauti inatatarika kama mafuta ya moto. Mimi husafisha kwa maji safi na tone la sabuni ya vyombo, bila kulowesha karatasi ya katikati, nafuta kwa kitambaa laini na kuanika kivulini. Spiriti msiguse kabisa kwenye shelaki, inaiyeyusha. Na zihifadhiwe zimesimama kama vitabu, mbali na dirisha la jua; zikilazwa kwa rundo zinapinda, na iliyopinda sijaona fundi wa kuinyoosha ikarudi sawa.