Gongo la kaboni kwenye saruji ya Malindi: miezi minne ya uzoefu wangu

Gongo langu la hoki lilivunjika Alhamisi jioni, kwa shuti ambalo hata mtoto angelidaka. Sikuwa nimelikandamiza, wala hakuna aliyenigonga. Nilisikia mlio mkavu, kama kuti likikanyagwa, nikabaki na mpini mkononi huku ubapa ukiserereka peke yake kwenye saruji. Lilikuwa limetimiza miezi minne na siku sita. Kwa yeyote wa huku pwani anayefikiria kuagiza gongo la hoki la nyuzi za kaboni, haya ndiyo niliyoyaona.

Hoki ya barafu nilijifunzia Nairobi, kwenye ule uwanja wa hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, uliofunguliwa 2005. Ndipo walipokulia Ice Lions, timu iliyoalikwa Kanada mwaka 2018 ikajikuta inacheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wakubwa wa hoki wa Kanada. Niliporudi nyumbani Malindi barafu niliiacha, mapenzi nikaja nayo. Sasa tunacheza kwa viatu vya magurudumu, kwenye uwanja wa saruji wa mpira wa kikapu, jioni tatu kwa wiki, jua likishapoa.

Gongo lenyewe ni la bei ya kati. Binamu yangu alilinunua Toronto kwa pesa zinazokaribia shilingi 14,000, akaja nalo likizo. Siku ya kwanza nililipeleka sokoni, kwa muuza viungo mwenye mizani ya kuaminika. Gramu 431, pamoja na utepe. Langu la zamani, la mbao, lilisoma 655. Tofauti hiyo unaihisi kwenye vifundo vya mikono kabla hujacheza hata dakika tano.

Namba iliyoandikwa kwenye mpini ndiyo watu wengi hawaielewi, na ndiyo muhimu kuliko rangi na jina. Langu liliandikwa 75. Maana yake, nguvu ya paundi 75, kama kilo 34, ndiyo inayoupinda mpini inchi moja. Wachezaji wengi huchukua uzito wao kwa paundi wakaugawa kwa mbili. Mimi nina kilo 72, karibu paundi 159, nusu yake ni karibu 80, kwa hiyo 75 ilikuwa chini kidogo tu, nami nililipenda laini hivyo. Nikaiharibu hesabu mwenyewe. Nilitaka linifike kidevuni nikiwa juu ya magurudumu, nikakata inchi 2 kwa msumeno wa chuma. Mpini ukifupishwa hukakamaa, na alama zilizochapishwa karibu na ncha ya juu zilinionyesha kwamba sasa nina gongo la zaidi ya 80. Laiti ningeagiza la 70, nikakata bila wasiwasi.

Hata hivyo, kwa kupiga, sina neno ila sifa. Aliyewahi kusukuma dau kwa upondo atanielewa haraka: unaegemea, mti unapinda, halafu unakurudishia nguvu yako. Hoki ni hivyohivyo. Ubapa hugusa chini kidogo nyuma ya paki, kile kisahani cha mpira, mpini unapinda, na ukinyooka ndio unaoirusha. Mbao nayo hupinda, lakini hurudi kwa uvivu, na kila wiki inarudi tofauti na wiki iliyopita. Hili la kaboni lilirudi vilevile siku ya kwanza na siku ya hamsini. Shuti la mkono, lile la kuvuta na kuachia bila kunyanyua gongo, lilitoka kabla kipa hajakaa sawa. Pasi nazo nilizipokea laini zaidi kuliko nilivyotegemea, ingawa paki ya barafu, yenye gramu 170, hatuitumii. Kwenye saruji inabiringika ovyo. Tunatumia nyepesi yenye vijipini vya plastiki chini, au mpira wa tenisi siku ambazo hakuna kingine.

Sasa uimara, na hapa saruji ndiyo adui. Barafu ina utelezi. Ubapa unapita juu yake miezi mingi bila kulika. Saruji ni msasa. Utepe wa nguo ninaouzungusha kwenye ubapa, ambao Nairobi ulinidumu majuma mawili, hapa ulitoboka jioni moja. Nilianza kupima kisigino cha ubapa kwa rula kila Jumapili na kuandika kwenye daftari. Wiki ya nne kilikuwa kimelika milimita 3. Wiki ya kumi, milimita 7, na nyuzi nyeusi zikawa nje kama ndevu. Tahadhari hapo: usizipanguse kwa kidole. Vijiti vyake ni vyembamba, vinaingia kwenye ngozi na kuwasha siku nzima.

Ukingo ukishafunguka, ndani kuna povu jepesi lililojazwa katikati ya ubapa, nalo hunywa maji. Tulicheza siku mbili baada ya mvua, kwenye vidimbwi. Tangu hapo ubapa ukawa mzito kidogo na mlegevu kwenye ncha.

Nikampelekea fundi anayetengeneza boti za faiba, zile za kuvua bahari kuu. Faiba na kaboni ni ndugu: nyuzi zilizoshikwa pamoja na gundi ngumu. Hakuuliza ni kitu gani. Alitoa sarafu mfukoni akaanza kugonga kutoka juu kwenda chini, polepole, sikio karibu. Ti, ti, ti, ti. Alipofika kama shubiri moja juu ya ubapa, sauti ikabadilika. Tu. Akarudia. Tu.

"Hapa pamekufa, mwanangu," akasema. "Nje ni rangi tu. Ndani zimeachana."

Nikakumbuka. Wiki mbili nyuma, mchezaji mwenzangu alilichapa gongo langu hapo hapo kwa lake, tukigombea paki ukutani. Alama yake ilikuwa mkwaruzo usiozidi ukucha, nami sikuujali. Mbao ingenionya: ingechanika, ingechomoza kibanzi, ningeiona inakwisha. Kaboni tabaka zake huachana kimya kimya, mpini unaendelea kung'aa, hadi siku moja unakatika kwa shuti la mzaha.

Fundi aliniambia pia nisilihifadhi tena kwenye kile chumba changu cha mabati, na nisiliache juani. Anaona kila siku jua linavyoila gundi ya boti zisizopakwa rangi. Ukingo wa ubapa aliufunga kwa kipande cha kitambaa cha faiba na gundi ya epoksi, kwa shilingi 500. Kazi safi. Ule ubapa ulisimama kulika karibu wiki tatu, na hata sasa, ukiwa umetengana na mpini wake, kiraka hakijabanduka. Mpini hakuugusa. Alisema angeweza kuuzungushia kitambaa, lakini ungekakamaa mahali pamoja na kuvunjikia pembeni yake.

Dhamana isikutie moyo. Hili lilikuwa na siku 30 kuanzia tarehe ya kununuliwa. Mpaka binamu anafungasha, anapanda ndege, anashinda Nairobi na kushuka Malindi, zilikuwa zimebaki siku tano. Niliwaandikia waliotoa dhamana kuuliza kama wanaweza kuhesabu tangu siku nilipolipokea. Jibu lilikuwa hapana, na limeniuma, kwa sababu sisi wa mbali ndio tunaolipa zaidi kulifikisha.

Je, nitanunua tena? Ndiyo, ila si kwa matumizi yale yale. Kwa mazoezi ya kila siku ya saruji nimechukua gongo la mbao lenye ubapa wa plastiki ngumu. Ni zito, halina raha, lakini linalika taratibu sana na bei yake haifiki nusu. La kaboni litatoka siku ya mechi, na siku tukipata sakafu laini ya ukumbi. Kama una kilo sitini na kitu, usiende juu ya 65, hasa ukijua utalikata.

Jingine, la 70, linakuja na binamu mwezi wa kumi na mbili. Sarafu nimeshaitenga. Kabla sijafunga utepe nitaligonga lote, kutoka ncha hadi kisigino, nikiirekodi sauti kwenye simu lingali zima, ili kila Jumapili niwe na cha kulinganisha.