Nikon D7000 ya zamani au Olympus TG-6 ya kuzama majini? Nimezitumia zote mbili huku pwani

Hili swali naulizwa sana na wanaoanza kupiga picha huku kwetu: una hela ya kamera moja tu, mbele yako kuna DSLR ya zamani, ile kamera kubwa ya kubadilisha lenzi, ambayo bei imeshashuka, pembeni yake kuna kamera ndogo ya mfukoni inayoingia majini na bei hazipishani sana, sasa uchukue ipi? Mimi ninazo zote mbili, Nikon D7000 na Olympus Tough TG-6, naishi Jambiani, Zanzibar, na picha ndo kazi yangu, nusu ya kazi ni harusi na shughuli za wanawake, nusu nyingine ni kina mama wa mwani na wageni wanaokwenda kuogelea kwenye miamba. Kwa hiyo kila moja naijua inapong'ara na inapogoma.

D7000 ilitoka 2010, mpya bila lenzi ilikuwa dola 1,200 kule Marekani, sasa hivi unaipata used kwa sehemu ndogo tu ya hiyo hela. TG-6 imetoka 2019 kwa dola 450, na 2023 wakatoa TG-7 ambayo haina tofauti kubwa zaidi ya kuchajiwa kwa USB-C, TG-6 bado ina ile tundu ya zamani ya micro-USB. Watu wakisikia Nikon ina megapikseli 16 na ile ndogo ina 12 wanasema aah zinakaribiana, jamani hapo sipo pa kuangalia. Angalia sensa, kile kipande ndani ya kamera kinachogeuza mwanga kuwa picha. Ya D7000 ni milimita 23.6 kwa 15.6, ya TG-6 ni kama 6.2 kwa 4.6, ukipiga hesabu ya eneo unakuta ile kubwa ni karibu mara 13 ya ndogo, na sensa ndo inayopokea mwanga kwa hiyo mwanga ukiwa mdogo utaiona hiyo mara 13 kwa macho yako bila kufundishwa na mtu.

Kwangu mimi naiona usiku wa hina. Bibi harusi amekaa kwenye mkeka chumbani, taa ni moja tu ya dari, wanawake wamejaa mpaka mlangoni, na flashi sitaki kuwasha maana inaua ile hali yote ya chumba na inawashtua watu. Hapo naweka lenzi ya 35mm f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo tundu la mwanga ni kubwa), ISO 3200 yaani kamera inahisi mwanga sana, na picha inatoka imetulia, unaona mchoro wa hina mstari kwa mstari, piko limekolea kwenye ncha za vidole, unaona jasho dogo juu ya mdomo wake na shangazi nyuma amefifia vizuri hashindani naye. Chumba hichohicho nimejaribu na TG-6, lenzi yake inafungua mpaka f/2.0 ikiwa haijavutwa, kwenye karatasi unaona inalingana kabisa na ile, lakini picha inatoka na chengachenga, kamera inajitahidi kuzisafisha yenyewe na ikizisafisha inafuta na vitu vya maana, mistari ya hina inaungana, kope zinapotea. Na kumfifisha shangazi haiwezi, sensa ndogo inaonyesha kila kitu kikali kuanzia mbele mpaka ukutani.

Kitu kingine cha D7000 ambacho watu hawakisemi, ina nafasi mbili za memori kadi. Naweka zote mbili na kila picha inaandikwa mara mbili, kadi moja ikifa usiku wa harusi ya mtu bado picha ninazo. Afu haina Wi-Fi kabisa, ambayo kwenye kazi nyingine ni usumbufu lakini kwenye shughuli za wanawake ni faida yangu kubwa. Mama mmoja mzazi wa bibi harusi alinishika mkono kabla sijaanza akaniuliza, "Mwanangu, hizo picha haziingii kwenye simu?" Nikamwambia hapana mama, zinabaki kwenye kadi hizi mbili na kadi nakukabidhi wewe. Akaniachia nikafanya kazi. Huku kwetu hilo ni jambo zito sana, watu wanamtafuta mpiga picha mwanamke kwa sababu hiyohiyo.

Haya sasa twende majini.

Kina mama wa mwani wanafuata maji, bamvua ikifika bahari inatoka mbali na wao wanatoka nayo, unatembea kwenye tope na majani ya bahari mpaka kwenye mashamba, wanachomoa, wanafunga mbegu mpya kwenye kamba, na maji yakianza kurudi hayakusubiri wewe umalize picha. D7000 ina raba za kuzuia vumbi na matone, sawa, lakini matone ya mvua na maji ya chumvi ni vitu viwili tofauti. Ukiwa na DSLR pale mikono yote miwili inashughulika na kuilinda, vidole vina chumvi kila unapogusa kitufe, upepo wa kusi unapuliza mchanga kwa hiyo kubadilisha lenzi usifikirie kabisa, na maji yakifika kiunoni umeshamaliza kazi, unarudi. Ukisema unainunulia nyumba yake ya kuzamia, ile gamba ngumu inayofunika DSLR yote, bei yake inaweza kuzidi kamera yenyewe ya used mara kadhaa.

TG-6 ninaivaa shingoni. Gramu 253 na betri ndani, wakati Nikon bodi tupu bila betri ni gramu 690 na lenzi bado. Inaingia mpaka mita 15 bila gamba lolote, inavumilia kuanguka kutoka mita 2.4, na lenzi haitoki nje ukiiwasha, yote iko ndani nyuma ya kioo. Ninachukua picha ambazo DSLR haiwezi kunipa hata niilaze wapi: naizamisha nusu, nusu ya picha ni mikono ya mama inafunga mwani chini ya maji na nusu ya juu ni uso wake na kanga kichwani na mawingu. Wakiziona hizo picha wenyewe wanacheka wanaitana, kwa sababu hawajawahi kuiona mikono yao ikifanya kazi kutokea chini.

Na kuna hii mode ya mikroskopu, hapo ndo niliponasa kabisa. Inafokasi mpaka sentimita moja kutoka kwenye lenzi. Kuna ugonjwa wa mwani wanauita ice-ice, shina linaanza kuwa jeupe sehemu moja, linalainika, afu linakatika na kipande chote kinakwenda na maji. Kwa macho unaona doa jeupe tu. Nikasogeza TG-6 ndani ya maji mpaka karibu iguse, na kwenye kioo ukaonekana ule mpaka kati ya sehemu nzima na sehemu iliyokufa, rangi ya kahawia inaishia ghafla, na pembeni kuna vinywele vya mwani mwingine wa porini umeota juu ya shina. Nikaihamishia kwenye simu kwa Wi-Fi palepale pwani, mkuu wa kikundi akaituma kwa mtaalamu wao kabla hatujafika nyumbani. D7000 kwa kazi hiyo inataka lenzi ya makro, ile ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, na shina ulitoe nje ya maji ambapo linajikunja na huoni tena ulichokuwa unakiona.

Hii kazi ya majini naona inazidi. Kilimo cha mwani huku pwani ya mashariki kimeshika tangu mwisho wa miaka ya 80, na aina ya mwani ya kotoni, ambayo ina bei nzuri kuliko aina nyingine ya spinosum, haivumilii maji ya moto ya kina kifupi, kwa hiyo kuna vikundi vimesogea maji marefu, kina mama wanajifunza kuogelea na kutumia ngalawa. Mtu anayetaka kuwapiga picha wale wanawake sasa hivi atalowa tu, hana ujanja.

Kwa wageni wa kuogelea na miwani nayo inafanya vizuri ila lazima uijue bahari kidogo. Rangi nyekundu inanyonywa na maji mapema sana, mita chache tu chini kila kitu kinakuwa bluu na kijani, kwa hiyo tumia zile mode zake za majini zinazorekebisha rangi, au piga RAW, faili ghafi ambayo kamera haijaichakata, urekebishe nyumbani. Flashi zima, maana inamulika chembe zilizoko kati yako na samaki na picha inajaa vidoto vyeupe. Na sogea, usizoom, kila mita ya maji unayoiondoa kati yako na samaki picha inakuwa kali zaidi. Video inachukua 4K, D7000 inaishia 1080p fremu 24. Lakini kama wewe ni mzamiaji wa mitungi fahamu kwamba cheti cha kwanza tu kinakupeleka mita 18, hapo TG-6 bila gamba lake umeshapita mpaka wake.

Betri ni sehemu inayonikera, picha kama 340 kwa chaji moja kwa kipimo cha kiwanda, ukiwa na video na Wi-Fi inapungua haraka. Nikon picha kama 1,050. Harusi nzima mpaka kutoa bibi harusi kwa betri moja na bado inabaki.

Utunzaji, hapa nisomeni taratibu maana hela zenu ndo zinapopotelea.

TG-6 ina vifuniko viwili, cha betri na cha waya, kila kimoja kina kufuli yake na raba ya kuzibia. Unywele mmoja au punje moja ya mchanga kwenye ile raba inatosha kuingiza maji. Mi nafungua ndani ya nyumba tu, mikono mikavu, natazama raba kwenye mwanga, nafunga, basi mpaka nirudi. Pwani sifungui hata kwa dawa. Nikitoka baharini nailoweka kwenye bakuli la maji yasiyo na chumvi, nabonyeza vitufe vyote humohumo chumvi itoke, naifuta, naianika kivulini. Ukiiacha chumvi ikaukie kwenye vitufe vitaanza kukwama.

DSLR adui yake ni kuvu. Huu unyevu wetu, mkoba wa kamera umefungwa umewekwa kabatini masika nzima, ukija kufungua lenzi ina utando ndani kama wa buibui na ukishaota unakula mpako wa kioo, kuusafisha ni kazi ya fundi na wengine wanaishia kukwaruza. Kwa hiyo lenzi zangu hazikai kwenye mkoba, zinakaa kwenye kontena la plastiki la kubana na vipakiti vya silika, vikilowa nabadilisha. Na zitumie, lenzi inayotoka juani kila wiki kuvu haipati nafasi.

Najua kuna atakayesema simu inatosha. Simu nyingi nzuri wanasema haziingii maji, lakini majaribio yale ni ya maji yasiyo na chumvi, maji ya chumvi watengenezaji wenyewe wanakwambia uyaepuke, na kioo cha kugusa hakikusikii kikiwa majini. Simu ya laki kadhaa kuitumbukiza baharini kwa sababu ya picha ya pweza mimi siwezi.

Kwa hiyo ipi? Kama hela yako inatoka kwenye sura za watu, harusi, maulidi, mahafali, chukua DSLR ya zamani na lenzi moja ya f/1.8, achana na zile zoom za kit, zinazouzwa pamoja na kamera, kwanza, na hutajuta. Kama maisha yako yako kwenye maji, mwani, uvuvi, wageni, utafiti, chukua TG, hata kama una rafiki anakucheka kwamba umenunua kamera ya watoto. Na ukinilazimisha nibaki na moja tu nabaki na TG-6, kwa sababu harusi nikipata naweza kuazima kamera ya mwenzangu, ila hakuna atakayeniazima yake niingie nayo baharini.

Ukienda kununua DSLR ya used usikubali kuoneshwa dukani kwa dakika mbili. Toa lenzi, imulike na tochi ya simu kutoka nyuma ukitafuta kuvu. Piga picha ya anga tupu kwa f/16 uone madoa ya sensa. Uliza shata, kile kipazia kinachofunguka kila unapopiga picha, imepiga mara ngapi, Nikon inaandika namba ndani ya faili ya picha na kuna programu za bure za kuisoma, D7000 shata yake ilijaribiwa mpaka mara 150,000, kwa hiyo ukikuta imeshafika 140,000 shusha bei au ondoka. TG ya used mi sishauri kabisa, huwezi kujua raba zake zimeishije na kipimo pekee ni kuizamisha, na muuzaji hatokuruhusu. Nunua mpya, na ubakishe hela ya kamba ya kuelea, ile yenye boya rangi ya machungwa, kwa sababu TG inazama, ikikuponyoka kwenye mkondo wa mlango wa mwamba huioni tena.