Pauillac ya 2005: mvinyo wa kukumbukwa, huduma ya kukera

Imeshapita muda na bado nina hasira. Niliagiza chupa ya Pauillac, mvinyo mwekundu wa mji wa jina hilo huko Bordeaux, Ufaransa, mavuno ya 2005, kwenye baa moja ya mvinyo hapa Dar. Mwaka huo watu wa Bordeaux wanauhesabu kati ya miaka yao bora, na nililipa pesa ndefu nikijua ninacholipia.

Mhudumu akaitoa kwenye rafu ilikokuwa imelala, akaipindua huku na huku afute vumbi, akaja nayo mezani anaitikisa kama dawa ya kikohozi. Nikamwomba aisimamishe kwanza, alete na jagi la kioo. "Dada, mvinyo ni mvinyo," akanijibu, huku kizibo kinamkatikia mkononi. Glasi ya kwanza ilikuwa tope tupu.

Nilipomwonyesha akasema hayo ni maganda ya zabibu, ninywe tu. Maganda! Maganda huchujwa kabla mvinyo haujaingia kwenye chupa. Yale ni mashapo: tanini, yaani kile kinacholeta ukakasi, na rangi zinashikana taratibu kwa miaka mingi, zinakuwa nzito, zinazama. Ndiyo maana mvinyo mkuukuu unapungua ukakasi na rangi yake inaegemea matofali. Chupa kama hiyo husimamishwa siku nzima, kisha humiminwa polepole ili mashapo yabaki chini. Kazi yote ya miaka hiyo aliivuruga kwa mtikiso mmoja.

Nikauliza mchanganyiko wake, maana kwenye lebo za Bordeaux kwa kawaida aina za zabibu haziandikwi. "Kabernei." Nikauliza ipi, kwa sababu ziko mbili, mzazi na mtoto: Cabernet Sauvignon imetokana na Cabernet Franc na Sauvignon Blanc, na vipimo vya vinasaba vilithibitisha hivyo mwaka 1997. Akacheka, akaita mwenzake wacheke pamoja. Hapo ndipo nilipotaka kuondoka. Mtu hajui, sawa, si dhambi. Lakini kumcheka mteja anayeuliza kitu alichokinunua?

Sikuondoka. Niliiacha glasi ya pili itulie mpaka tope likazama, na hapo lazima niseme ukweli ingawa unaniuma: ule mvinyo ulikuwa mzuri ajabu. Ilitangulia harufu ya penseli iliyochongwa, ikafuata tumbaku, halafu ngozi. Uti wa mgongo ule ni wa Cabernet Sauvignon, inayopenda udongo wa changarawe wa Médoc, sehemu ya Bordeaux ilipo Pauillac, kwa sababu unashika joto na hautuamishi maji, nayo huchelewa kuiva. Katikati ya ulimi kukaja ulaini na utamu wa plamu zilizoiva. Huyo ni Merlot, zabibu nyingine ya mchanganyiko huo, anayewahi kuiva na anayestahimili udongo wa mfinyanzi. Mwishoni nikanusa majani mabichi kwa mbali, na nitaapa kuna Cabernet Franc humo, japo kidogo.

Mimi nimekulia Dodoma, kwenye mashamba ya zabibu, kwa hiyo naipenda akili ya mkulima iliyomo humo. Mvua za Septemba zikiharibu zabibu inayochelewa, ile iliyowahi inakuokoa. Mchanganyiko ulianzia kwenye hofu ya mvua, ukaishia kuwa ladha. Mvinyo wetu mwingi wa nyumbani hunywewa ungali mchanga, basi ningemwelewa yule kaka kama angesema hajawahi kuhudumia chupa ya umri huo. Ningemwonyesha kwa furaha.

Nilikuwa nimeamua kuwaambia msikanyage pale. Sasa nasita, kwa sababu sijaona mahali pengine hapa mjini penye chupa za umri ule, na aliyezichagua anajua kazi yake. Lakini nikikumbuka kile kicheko, hapana, sirudi mpaka waajiri mtu wa kuheshimu wanachouza. Au nitarudi kwa masharti yangu, na nyinyi mwende hivyo hivyo: pigeni simu siku moja kabla, chupa isimamishwe, ipozwe kidogo, maana joto la chumba la Ulaya si joto la Dar. Jagi liwe mezani kabla hamjakaa. Na mimineni wenyewe. Yule kaka asiiguse.