Mauntingi za IST: anza na ya kulia, na uibonyeze kabla ya kulipa

Malalamiko ninayoletewa kuhusu mauntingi, zile raba zinazoshikilia injini, yanafanana: "Dada, nimebadilisha mauntingi zote tatu na gari linatetemeka kuliko mwanzo." Fundi anasingiziwa, plagi zinabadilishwa, throto inasafishwa. Kumbe raba mpya ni ngumu kama soli ya buti.

Kila mnunuzi anauliza itadumu miaka mingapi. Hakuna anayeuliza ni laini kiasi gani, na kazi ya mauntingi ni hiyo. Kwenye Toyota IST ya kwanza, zenye kodi ya modeli NCP60 na NCP61, injini imeshikwa na tatu: ya kulia upande wa mkanda, ya kushoto kwenye giaboksi, na ya nyuma. Ya kulia si raba tupu. Ndani ina kimiminika cha glikoli kinachopenya kwenye kijitundu chembamba na kumeza mtetemo gari likiwa sailensa, yaani limesimama injini ikiunguruma bila mafuta kukanyagwa, hasa ukiwa kwenye gia ya D unasubiri taa. Ikichoka huvuja, na watu wengi wakiona ule unyevu mweusi hudhani ni oili ya injini. Sokoni zimejaa kopi zenye umbo lile lile, bolti zinaingia bila ubishi, lakini ndani ni raba ngumu tu.

Muuzaji akiitikisa sikioni kwako kukuonyesha kwamba ina maji, usimsikilize. Iliyojaa sawasawa haitoi sauti. Nenda na ya zamani mkononi, ulinganishe uzito na kile kikombe cha chuma kilichokunjwa ukingo, kisha bonyeza raba kwa kucha. Nzuri inaingia kidogo na kurudi. Mbaya inaikataa kucha.

Namba moja kwangu ni Toyota jenuini, wala sifichi upendeleo wangu. Hela ikiwa haba, inunue ya kulia peke yake kwanza; namba yake inaanza na 12305. Ya kushoto ni 12372 na ya nyuma 12371, hizo zinaweza kusubiri kama hazijachanika.

Namba mbili, Tenacity ya Taiwan, kwa ya kushoto na ya nyuma. Namba tatu, used ya Japani, mradi isiwe na ufa wala doa la unyevu. Kumbuka raba huzeeka hata ikiwa imelala kwenye rafu. Kopi zisizo na jina, na zile za kujazwa raba upya mtaani, muuzie unayemchukia.

Kufunga nyumbani kunawezekana. Toa terminali ya betri, weka kipande cha mbao kati ya jeki na sampo, lile bakuli la oili chini ya injini (jeki ikigusa sampo moja kwa moja itaibonyeza), nyanyua kidogo tu mpaka uzito utoke kwenye mauntingi. Badilisha moja, ifunge, ndipo uende nyingine. Ukifungua zote kwa mpigo injini itahama na utahangaika na matundu hadi jioni. Bolti zikaze mwisho, injini ikiwa imeshakaa kwa uzito wake, la sivyo raba itabaki imejipinda.

Sasa wauzaji. Ukiuliza bei kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, unaulizwa kwanza gari gani, halafu umekuja na nani. Ukija na fundi, bei ina cha juu chake. Ukija mwenyewe mwanamke, inaongezwa cha ujinga wako wanaoudhania. Boksi lina nembo ya Toyota, ukiomba lifunguliwe unaambiwa litaharibika. Kuna bei ya risiti na bei isiyo na risiti, na hiyo ya pili ndiyo inayokuacha mikono mitupu siku gari likianza kutetemeka, kwa sababu ukutani wamebandika kabisa kwamba mali ikishauzwa hairudi. Mimi nadai risiti, nadai namba iandikwe juu yake, na asiyetaka kufungua boksi namwachia boksi lake.