Siku 10 za kimya Igatpuri: uzoefu wangu

Mama alipomaliza matibabu Mumbai, usingizi ulikuwa umenihama. Nikijilaza tu, kichwa kinaanza hesabu: deni, nauli, kipimo kijacho. Kaka akamrudisha nyumbani, mimi nikapanda treni kwenda mji wa Igatpuri, hukohuko India, kwenye kituo cha mafunzo cha Dhamma Giri, kwa kozi ya Vipassana, aina ya taamuli (meditation) ya kutazama pumzi na mwili.

Simu unaikabidhi. Huongei na mwenzako, hata kwa ishara. Kengele inalia saa kumi alfajiri, na kwa siku unakaa kwenye taamuli kama masaa 10. Mlo wa mwisho ni saa tano asubuhi. Jioni ni chai na matunda. Njaa niliizoea haraka.

Siku tatu za mwanzo kazi ni moja: kutazama pumzi ikiingia na kutoka puani. Pumzi ya nne tu, niko wodini tena. Nairudisha akili, inatoroka, nairudisha. Jioni ya siku ya tatu nikausikia ubaridi wa pumzi juu ya mdomo, nikatulia nao muda mrefu bila kulikumbuka deni hata mara moja. Nililia.

Siku ya nne unaanza kuipitisha akili mwilini, utosini hadi vidoleni, na kuna vipindi vya saa nzima ambavyo hutakiwi kujisogeza. Goti liliwaka moto. Sauti iliyorekodiwa ya marehemu S.N. Goenka, mwalimu wa kozi hizi, inaelekeza uyatazame maumivu bila kuyakimbia. Nikayatazama: yakapanda, yakahama, yakayeyuka kabla ya kengele.

Jambo moja ulijue kabla ya kusafiri. Kwa siku zote hizo unaombwa uweke kando sala na ibada zako. Mimi ni Mkatoliki, na kuiacha rozari kuliniuma kuliko goti. Mwislamu mwenye swala tano alipime hili mapema sana. Na kama unatumia dawa za maradhi ya akili, waeleze kabla ya kujiandikisha, usifiche.

Ada hakuna. Unatoa ulichojaliwa baada ya kumaliza. Asiyemaliza kozi, mchango wake haupokelewi. Hilo limenifanya niwaheshimu sana.

Nyumbani wanashauri saa nzima asubuhi na nyingine jioni. Mimi napata nusu saa alfajiri, kabla mama hajaamka kuomba uji. Usiku mwingi sasa nalala. Majibu ya kipimo chake cha mwezi uliopita niliyasubiri nje ya maabara, kwenye benchi, nikitazama pumzi.